Ua la Sokotra Mlangoni Petu

Nilisimama kando ya barabara mkono mdomoni, na mwenye bodaboda akaniuliza mara mbili kama nimefika au tunaendelea. Rafiki yangu, kambi yetu ya jeshi haikuwepo. Sisemi kwamba ilikuwa imechakaa au imepakwa rangi nyingine, nasema haikuwepo. Pale palipokuwa na safu nne za vibanda vya mabati vya duara, kila kimoja na mlango wake na jiko lake la nje, palikuwa na udongo mwekundu uliosawazishwa, tingatinga moja la manjano, na bango refu lenye picha ya maghorofa na watu wanaotabasamu. Nilikuwa nimetoka Kawempe kununua vitambaa, narudi Mengo ninakoshona sare za shule, na nilimwambia mwenye boda apite njia ile ya zamani kwa sababu tu ya kukwepa msongamano. Ningejua, ningevumilia msongamano.

Kisha nikauona mti. Ulikuwa umelala ubavu karibu na uzio, mizizi juu, na juu ya hayo yote ulikuwa bado umechanua, maua meupe yenye manjano katikati, utadhani hakuna aliyeuarifu kwamba umeng'olewa. Nilipiga ukelele hata mlinzi akatoka mbio kwenye kibanda chake.

"Nyabo, wewe! Hapa hakuna kuingia."

"Huo mti ni wangu."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. "Mti yako? Iko na karatasi?"

Sikuwa na karatasi. Nilikuwa na machozi, na nadhani alipoyaona aliogopa kusimama na mama mzima anayelia mchana kweupe, maana alisogeza bati moja la uzio na kusema, "Vunja tawi moja, haraka, bosi anarudi saa hizi." Nikavunja tawi nene lenye urefu wa mkono wangu. Maziwa yake yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko, na harufu ile ikanirudisha siku nilipokuwa na miaka tisa, nikivunja tawi jingine alfajiri huku moyo unanienda mbio kama wa mwizi. Na mwizi nilikuwa kweli. Ngoja nikueleze.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa mtu wa kaskazini, jirani yetu wa kushoto Mganda aliyeolewa na mtu wa West Nile, mbele yetu Mkristo, nyuma yetu Mwislamu, na Kiswahili ndicho kilichotulea sote. Kiswahili chetu kile cha kambini, ambacho Mtanzania akikisikia anacheka mpaka anatafuta pa kukaa. Mama sikumjua, alifariki nikiwa natambaa. Bibi, mama yake baba, aliitwa kutoka kijijini aje anilee kwa muda mfupi, na ule muda mfupi ukawa maisha yake yote yaliyobaki.

Asubuhi za kambini zilianza na tarumbeta, kisha fagio. Sijui kama umewahi kusikia milango hamsini ikifagiliwa kwa wakati mmoja. Kaloli, wale ndege wakubwa wenye upara, walikuwa wamejipanga juu ya paa la jiko kuu, wakisubiri makombo kwa uso wa wazee wa baraza. Bibi alikuwa akisaga simsim, yaani ufuta, kwenye jiwe aliloliazima kwa jirani, na ile simsim ilipopondeka na karanga ikawa odi, alinipakia juu ya muhogo wa moto, nami nikala nimechuchumaa mlangoni huku bati la kibanda likianza kulia tik, tik, jua linapolipasha. Mchana mle ndani ulikuwa moto hasa. Mvua ikinyesha hatukusikiana hata tukipiga kelele, kwa hiyo tulinyamaza na kutazamana tu, mimi na bibi na baba, mpaka iishe. Huwezi kuamini jinsi ninavyoutamani ule ukimya.

Baba alikuwa dereva wa malori. Jioni alikaa kwenye kigoda, akapiga rangi mabuti yake na kuimba nyimbo za kwao kwa sauti iliyowafanya majirani wamwombe ama aongeze ama anyamaze. Akimaliza mabuti, alinirusha juu hadi nikagusa bati la paa. Bibi alimkemea kila mara, "Utamwangusha mtoto wa watu," naye akajibu, "Watu gani? Si wangu?" Maneno hayo hayo, kila jioni, na kila jioni tulicheka kana kwamba ni mapya.

Halafu kulikuwa na Jumamosi. Jumamosi ilikuwa siku ya ukaguzi. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa, watoto wakaoshwa masikio, na kila mlango ukawa na debe la ua. Hiyo ilikuwa amri, si urembo. Debe jeupe, ua la kijani, udongo umelowa. Sajini wa kambi alipita na fimbo yake fupi, akichovya kidole kwenye udongo wa kila debe, na asipokuta unyevu alimwuliza mama mwenye nyumba kama anataka kurudi kijijini. Tulimwagilia maua yetu kila siku asubuhi na jioni, mvua au jua. Mpaka leo nikiona ua kwenye chombo mkono wangu unatafuta kopo.

Baba akapelekwa Somalia pamoja na baba wa jirani, mume wa yule Mganda wa kushoto. Waliondoka siku moja, kwenye lori moja, na mama jirani alipika mandazi ya kuwatosha wiki nzima. Mandazi yake yalikuwa na iliki nyingi kupita kiasi, yakikuwasha koo kidogo. Miezi kadhaa ikapita, baba akipiga simu Jumapili mtandao ukiruhusu, kisha siku moja askari aliyerudi likizo akasimama mlangoni petu na kifurushi cha magazeti. Ndani mlikuwa na kitu ambacho bibi alidhani ni kiazi kikuu kilichoota mikono. Shina lilikuwa limevimba chini kama kitambi, vijiti vifupi juu, na kwenye ncha ya kijiti kimoja kulikuwa na ua moja la rangi ya waridi, limenyauka kwa safari lakini bado zuri.

Kulikuwa na barua. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea mimi. Baba aliandika kwamba ua hilo linatoka kisiwa kimoja kikavu kinachoitwa Sokotra, mbali baharini, na mabaharia huliuza bandarini. Huko mawe ni mengi kuliko udongo na mvua ni habari ya kusimuliwa, lakini lenyewe linachanua tu. Akamaliza kwa kusema, "Litunzeni mpaka nirudi." Hakuandika neno lolote kuhusu maji. Nimeisoma barua ile mara nyingi sana tangu hapo, na ninakuhakikishia, hakuandika.

Bibi alilipanda kwenye debe, akajipangusa mikono, akaniambia, "Haya. Huyu ndiye baba yako mpaka baba yako arudi. Msalimie." Alikuwa akinitania, lakini kwa bibi utani na amri vilivaa nguo moja. Kila asubuhi kabla ya uji nilisimama mbele ya debe na kusema, "Habari ya asubuhi, baba," na bibi akajibu kutoka jikoni kwa sauti nzito ya kiume, "Nzuri, mwanangu." Siku za mwanzo nilicheka. Baadaye nikaacha kucheka, nikawa namweleza yule baba wa kwenye debe mambo yangu: mwalimu kanichapa, jino limeng'oka, bibi macho yanamsumbua, anatia chumvi mara mbili kwenye maharagwe. Mtoto asiye na mama, akipewa ua aambiwe ni baba yake, unategemea nini?

Likachanua vizuri mwezi ule wa mwanzo, maua sita. Mimi na bibi tulilimwagilia kama maua mengine, lakini kidogo, kwa sababu lilikuwa geni na bibi hakuwa na uhakika na tabia zake. Kisha kiangazi cha baada ya Krismasi kikaingia, na majani yakaanza kuanguka. Moja leo, mawili kesho. Wiki ya tatu lilibaki shina tupu lenye vijiti.

Jumamosi sajini akasimama mbele ya mlango wetu. Akalitazama debe, akaligonga lile shina kwa fimbo.

"Hii maua imekufa."

"Inalala tu, afande," bibi akasema.

"Maua inalala? Mimi sijaona maua ya kulala. Hapa kitu kimekufa hakisimami kwa mstari. Jumamosi ingine sitaki kuiona. Wewe mtoto, unasikia?"

"Ndiyo, afande."

Nilisikia vizuri mno. Nilikuwa na siku saba za kumfufua baba yangu. Usicheke, hivyo ndivyo nilivyoliona jambo lenyewe. Nilifanya kile ambacho kila mtoto wa kambi angefanya, kile tu tulichofundishwa: nilimwaga maji. Asubuhi kopo moja, mchana nikitoka shule kopo moja, jioni makopo mawili. Siku ya tatu nikaona bado, nikaongeza. Nilibeba maji kutoka bombani kwa jerikeni la lita tano hadi bega likavimba, nikimimina na kumnong'oneza, "Kunywa, baba. Kunywa tu."

Ijumaa jioni niliweka mkono kwenye shina, na mkono ukazama. Sijui niliseme vipi. Vidole viliingia ndani kama unavyoshika kiazi kitamu kilichooza, ngozi ikachubuka, maji meusi yakatoka na harufu ya uchachu, na lile shina likainama polepole likalala ukingoni mwa debe. Nilikaa chini pale pale nikiwa nimeukunjua mkono mbele yangu, nikiutazama.

Bibi alikuwa ndani akitafuta dawa ya macho. Nililizika lile ua nyuma ya choo, ndani ya gazeti. Alfajiri, kabla ya tarumbeta, nilikimbia hadi nyuma ya kanisa dogo la kambi palipokuwa na mti mkubwa wa franjipani, ule wa maua meupe unaopandwa makanisani na makaburini. Na wenyewe una shina nene na maziwa meupe, na usiku ule mzima nilikuwa nimewaza ni mti gani unafanana naye. Nikavunja tawi moja lililokuwa bado na majani kichwani. Nikalichomeka kwenye debe, nikashindilia udongo kwa kisigino, nikaosha mikono mara tatu.

Sajini alipita saa tatu. Alisimama. Akachovya kidole. "Aha! Umeona? Maji!" Akawageukia majirani, "Mmeona mtoto ya dereva? Hii ndiyo kazi." Wiki iliyofuata safu yetu nzima ilikuwa inamwagilia mara tatu kwa siku kwa sababu yangu, na akina mama walinitazama kwa jicho baya. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga na kivuli tu, alipapasa majani mapya akashukuru Mungu kwa lugha ya kwao. Kisha akaniambia nisalimie.

"Habari ya asubuhi, baba," nikasema.

"Nzuri, mwanangu," bibi akajibu kutoka jikoni.

Haikupita mwezi, gari la kijani likaingia kambini mchana na kusimama katikati ya mlango wetu na mlango wa mama jirani. Kila mtu wa kambi anajua maana ya gari lile likiwa na padri ndani. Akina mama wote walitoka wakasimama milangoni, mikono kifuani. Ofisa alishuka, akatazama namba za milango, akageuka kushoto. Mama jirani alikuwa na unga wa mandazi mikononi. Kilio chake sitakieleza. Kilipiga kwenye mabati yale ya duara kikazunguka.

Baadaye wakaja kwetu. Lori lilianguka, walisema. Baba wa jirani amefariki. Baba yako ameumia, lakini yuko hai, yuko hospitalini, atarudi. Bibi alikaa chini akaanza kulia kwa furaha na aibu ya furaha yake. Mimi nililitazama debe.

Mama jirani aliondoka kabla mwezi haujaisha, maana nyumba za kambi ni za askari, na askari wake hakuwepo tena. Godoro, meza, na mabeseni yake yalipakiwa kwenye pikapu. Lile jiwe la kusagia simsim alimwachia bibi. Sikumwona tena, na sijui yuko wapi.

Baba alirudi mvua zilipoanza. Nilimwona akija kwenye njia ya mawe meupe, mkoba begani, anachechemea kidogo, na nilianza kumkimbilia. Kisha akafika mlangoni akasimama mbele ya debe. Akalitazama lile tawi la franjipani muda mrefu, muda mrefu sana. Halafu akanitazama mimi. Hakutabasamu. Nikarudi nyuma nikajificha kwenye gauni la bibi.

Yule mtu hakuimba. Alipiga rangi mabuti kimya kimya, kama mtu anayefanya kazi ya mwingine. Hakunirusha juu. Hakugusa odi ya bibi wiki nzima. Hakupanda tena hata teksi. Alikwenda kwa miguu hadi Kasubi na kurudi, na jeshi likampa kazi ya kufungua na kufunga geti. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. Nikiwa na miaka tisa na nusu nililala chali nikitazama bati la paa ambalo sikuligusa tena, na nikajua, kwa uhakika ule ambao ni mtoto tu aliye nao, kilichotokea. Nilibadilisha ua. Basi na wao, watu wa jeshi, wamenibadilishia baba. Niliweka la bandia mlangoni, wakaniletea wa bandia kwa njia ile ile.

Unaweza kusema, mtoto huwaza mengi, akikua anasahau. Sikusahau. Nilikua nikaacha kuamini, ndiyo, sina wazimu. Lakini mwili ulikuwa umeshajifunza. Alipogonga kigoda cha pili alichokiweka kando yake kwa kiganja na kusema, "Njoo ukae," nilikuwa na kazi ya shule. Alipong'oa lile tawi kwenye debe na kulipanda ardhini, akalizungushia mawe na kuyapaka chokaa kwa mikono yake, niliwaza kwamba bila shaka, wa bandia anampenda wa bandia mwenzake. Jioni zote alikaa chini ya ule mti, kigoda cha pili kikiwa kitupu. Bibi alipofariki, tulimzika kijijini tukarudi wawili, na katika safari nzima ya basi hatukuzungumza zaidi ya "chukua maji" na "asante".

Alipostaafu alipanga vyumba viwili Kasubi. Nilikuwa nakwenda mara moja kwa mwezi, na sukari na sabuni. Nilikuwa naondoka kabla chai haijapoa, na nilijiona mtoto mwema.

Siku ile ya tingatinga nilimwambia mwenye boda ageuze, twende Kasubi. Sikujua nakwenda kusema nini. Baba alikuwa nje, amekaa kwenye kigoda, na alipoona nimekuja kabla ya mwezi kuisha akasimama kwa hofu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Kambi imebomolewa, baba. Nimekuletea tawi."

Akalipokea kwa mikono miwili. Akakagua pale nilipolivunja, akafuta maziwa kwa kidole gumba, akaenda kulilaza juu ya ukuta mfupi, upande wa kivuli. Akanimiminia chai, akarudi kukaa.

"Hii inakaa kwanza wiki moja," akasema. "Hapa penye uliivunja pakauke. Ndiyo tunapanda." Akanisogezea sukari. "Na sasa hivi, usimwage maji mingi."

Kikombe kiliinama chai ikanimwagikia gotini. Sikuhisi moto.

"Baba, unasema nini?"

"Nasema maji ndiyo iliua ile ya kwanza. Si wewe. Mimi, wale watu walinieleza kwamba haitaki maji, nikasahau kuandika kwa barua. Na wewe mtoto ya kambi, ungefanya nini ingine?"

"Ulijua?"

"Siku ile ile nilirudi. Nilitoka Somalia na picha ya maua yangu kwa kichwa, nakuta mti ya kanisa kwa mlango yangu." Ukingo wa mdomo wake ulicheza kidogo. "Nikauliza nyanya yako, akasema ni ile ile. Nikajua ni wewe."

Miaka yote hiyo, rafiki yangu. Nilihisi kama mtu aliyebeba mzigo kichwani kutoka soko hadi soko, kisha anaambiwa kikapu kilikuwa kitupu. Nikamwuliza, tena kwa hasira, kwa nini hakusema. Neno moja tu lingetosha.

Alisugua magoti yake. "Nilingoja wewe useme. Halafu nikaona unaniogopa. Nakuita, hukai. Nikasema, basi, wamemwambia."

"Wameniambia nini?"

Akanitazama, na sasa yeye ndiye aliyeshtuka.

"Kuhusu baba ya jirani," akasema polepole. "Kwamba mimi ndiyo nilikuwa naendesha."

Sikuwa nimeambiwa. Hakuna aliyeniambia. Utaniuliza: baba yako dereva, lori limeanguka, karudi hataki kugusa usukani, na wewe na akili zako hukuwaza? Sikuwaza. Nilikuwa nimeshampata mwenye kosa, na alikuwa mimi, kwa hiyo sikutafuta mwingine. Naye alikuwa amekaa miaka yote upande wa pili wa ukuta huo huo, akidhani mtoto wake anamtazama na kuona mtu aliyemuua mume wa mwenye mandazi.

"Sikujua, baba. Naapa. Mimi nilidhani wewe si wewe."

"Si mimi, aje?"

Nikamweleza. Mama mzima, mwenye cherehani tatu na wafanyakazi wawili, nikamweleza baba yangu kwamba nilibadilisha ua na nikaamini nao wamenibadilishia yeye. Nilitegemea acheke. Alinyanyua mkono akajigusa shavu, kisha kidevu, polepole, kama mtu anayehakikisha.

"Lakini hukukosea yote," akasema. "Yule alienda Somalia, hata mimi sijamwona tena."

Tukakaa. Akaniambia kuhusu lori, barabara ya mchanga, na shimo lililofunikwa na maji. Aliniambia baba wa jirani alikuwa akisema nini dakika ile: alikuwa akilalamikia iliki ya mandazi ya mkewe. Sitaandika zaidi ya hapo, ni yake. Chai ilipoa kikombeni na utando ukashika juu, na nilikuwa bado nimekaa.

Siku hizi nakaa kwenye cherehani nikijikuta nahesabu vilivyokwenda. Vibanda vya duara vimekwenda, na kelele ya mvua kwenye bati iliyotunyamazisha watatu. Fagio hamsini. Sajini na kidole chake chenye udongo. Mama jirani, ambaye ningetaka kumwomba msamaha bila kujua ni kwa kosa gani. Ua la rangi ya waridi kutoka kisiwa nisichowahi kukiona, lililokuwa limelala tu kama bibi alivyosema, likisubiri msimu wake, nami nikalizamisha. Lakini hayo yote pamoja hayaniumi kama kigoda kile cha pili. Nilikuwa na baba mlangoni pangu miaka yote, ameumia, ananiita nikae, nami nikasema nina kazi ya shule. Nikikumbuka hilo, mguu unasimama kwenye pedali, na mafundi wangu wananitazama wakidhani uzi umekatika.

Nilirudi baada ya wiki moja, si mwezi. Tawi lilikuwa limekauka vizuri pale penye jeraha. Baba alikuwa ameshalipaka chokaa debe la mafuta ya kupikia, lote, hadi chini, tayari kwa ukaguzi. Tukalipanda wawili. Mkono wangu ukatafuta kopo, akaushika, akaurudisha. Nikapiga magoti kushindilia udongo, na sijui ni nini kilichonipata, mdomo ulijisemea wenyewe, kwa sauti ndogo, kwa lile tawi lisilo na jani hata moja.

"Habari ya asubuhi, baba."

"Nzuri, mwanangu," akajibu nyuma yangu.